Tuchague Nyimbo kwa Hatua za Aliye Nyuma



Kama unaishi Dar es Salaam, Jumamosi alfajiri huhitaji saa ya kukuamsha. Jua halijachomoza, utasikia filimbi, kisha spika, kisha vishindo vya miguu. Klabu za jogingi zimetoka. Mbele wapo vijana wenye vibendera vyekundu vya kusimamishia magari, katikati watu wa kila umri waliovaa fulana za rangi moja, na juu ya bajaji inayokwenda mwendo wa kinyonga imefungwa spika inayotikisa madirisha ya mtaa mzima. Wengine huelekea ufukwe wa Coco, wengine huvuka Daraja la Tanzanite na kurudi, wengi huzunguka mitaa yao tu ya Temeke, Ilala au Kinondoni, kisha wanakaa chini kunywa supu na kuulizana habari za wiki. Hakuna aliyetuletea utaratibu huu kutoka nje. Tumeuanzisha wenyewe, mtaa kwa mtaa, na mimi ni mmoja wa wanaoupenda kwa moyo wote.

Ndiyo maana naandika. Nina ombi moja kuhusu ile spika.

Miezi kadhaa iliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu alijiunga na kundi letu. Alikuwa ameambiwa hospitali kwamba presha yake imepanda na kwamba atembee. Alikuja na raba mpya nyeupe, amejifunga kanga juu ya suruali ya mazoezi, anacheka kwa aibu kidogo kama mgeni anayebisha hodi. Filimbi ikalia, spika ikawashwa, na wimbo wa kwanza ukawa singeli, muziki wa kasi sana. Hakuna aliyetoa amri ya kukimbia, lakini miguu ya vijana ilijibu muziki kabla vichwa vyao havijafikiri, na sisi wengine tukawafuata. Dakika tano hazijaisha, msafara ulikuwa umekatika vipande viwili. Nilipogeuka nilimwona yule mama kwenye kona, ameinama, anajifanya anafunga kamba za viatu. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile iliyofuata.

Hatukumtamkia neno baya hata moja. Zilizomrudisha nyumbani ni nyimbo, na nyimbo zile tulizichagua sisi. Wahenga walishasema kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mwenye simu iliyounganishwa na spika naye huvutia kwake: anachagua anachokipenda yeye, kwa umri wake, kwa mapafu yake, kwa magoti yake ambayo hayajawahi kuuma.

Wito wangu kwako, na kwa kila klabu, ni kwamba tuanze kuchagua nyimbo za mazoezi kwa kupima hatua za mtu aliye nyuma kabisa ya msafara. Tukimtosheleza yeye, wa mbele hawatakosa kitu. Tukimwacha yeye, tumepoteza sababu ya kutoka pamoja.

Labda utasema muziki ni muziki tu, kila mtu aende kwa mwendo wake. Historia yetu inatuambia vingine. Watu wa pwani hawajawahi kutenganisha ngoma na mwendo wa miguu. Mdundiko wa Wazaramo ni ngoma inayotembea: wapigaji wako mbele, umati uko nyuma, na wazazi wa Dar es Salaam waliwaonya watoto wao wasiufuate kwa sababu mtu huanza nao hapa mlangoni akazinduka yuko mtaa asioujua. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Lamu na Mombasa, vijana waliziangalia bendi za kijeshi wakazaa ngoma ya beni, yenye gwaride, vyeo na mavazi yake, nayo ikasambaa hadi Tanganyika yote. Siri ya ngoma hizo mbili ni moja. Mdundo ukishashika, mguu haukuulizi ruhusa.

Kisha ukaja mchakamchaka, mbio za asubuhi zinazokwenda kwa nyimbo. Waliosoma shule za msingi za Tanzania katika miaka ya ujamaa wanaukumbuka vizuri: alfajiri yenye baridi, mstari mrefu wa watoto, kiranja mmoja anatoa sauti, mamia wanaitikia. Nyimbo za wakati wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ziliendelea kukimbiwa na watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya vita kwisha. Na aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa 1963, anajua maana ya chenja: wimbo wa kukimbilia, ambao mwimbishaji anaupandisha na kuushusha akiwa anaangalia kikosi chake. Hakuna spika wala betri, na kikosi kinakwenda kilomita nyingi kikiwa kimoja.

Tazama kilicho ndani ya mchakamchaka, maana humo ndimo tulimoacha hekima yetu. Mwimbishaji anatoa mstari, wengine wanajibu maneno machache, kisha wanapata nafasi ya kuvuta pumzi wakati yeye anatoa mstari mwingine. Kiitikio kikianza kufifia nyuma, anajua watu wamechoka, anapunguza. Kikirudi na nguvu, anaongeza. Aliye nyuma anazungumza na aliye mbele kupitia wimbo, bila kuomba huruma. Wataalamu wa mazoezi wana kipimo chao kinachofanana na hicho. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba wimbo mfululizo, na mwendo mkali ni ule ambao maneno machache tu yanakukata pumzi. Viranja wetu walikuwa na kipimo hicho masikioni. Spika inaimba tu, haisikilizi, kwa hiyo ni lazima sisi tusikilize kwa niaba yake.

Nguvu ya wimbo uliomkaa mtu miguuni ilionekana na dunia nzima Februari 1998, Birmingham, Uingereza. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikimbia mita 2,000 ndani ya ukumbi huku spika za uwanja zikipiga wimbo wa Scatman John, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 4 na sekunde 52.86. Wimbo ule ulikubaliana na hatua zake, naye akazipanga hatua juu ya mdundo wake. Wengi husimulia kisa hiki kuonyesha kwamba muziki wa kasi humfanya mtu akimbie kasi. Mimi najifunza kingine: bingwa yule aliwekewa wimbo wa miguu yake mwenyewe. Yule mama wa mtaani kwetu alistahili heshima hiyohiyo. Tulimwekea wimbo wa miguu ya mwingine.

Sasa tufanyeje? Kazi yenyewe ni nyepesi, inahitaji saa ya mkononi na nusu saa ya jioni moja.

Siku mbili kabla ya mazoezi, mwombeni mwenzenu mwenye mwendo wa polepole kuliko wote atembee kama anavyotembea akiwa na safari ya kweli, kama anayewahi kituoni lakini hajachelewa. Hesabuni hatua zake kwa sekunde 15, mzidishe kwa 4. Akipiga hatua 26, mmepata 104 kwa dakika. Kwa watu wazima wengi, hatua zipatazo 100 kwa dakika ndizo zinazoanza kuhesabika kuwa mazoezi ya wastani, yale ambayo Shirika la Afya Duniani linataka tuyafanye kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kwa hiyo mtu huyo, na hatua zake 104, hayupo pale kusindikiza wengine. Anafanya mazoezi kamili.

Kisha hesabuni nyimbo kwa namna hiyohiyo. Wekeni wimbo, gongeni meza kwa kufuata mdundo unaowaingia mguuni, hesabuni sekunde 15, zidisheni kwa 4. Andikeni namba pembeni ya jina la wimbo. Baada ya nyimbo ishirini mtaanza kuona hazina mliyo nayo. Wimbo wenye mapigo 100 hadi 115 ni wa kutembelea. Anayekimbia polepole hupiga hatua 150 na zaidi, kwa hiyo wimbo wa mapigo 80 unaweza kumfaa, mradi akanyage mara mbili kwa kila pigo. Singeli, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika, inaweza kumfaa hata mtembeaji: wimbo wa mapigo 220 ukiukanyaga pigo moja na kuruka moja, unatembea hatua 110. Singeli haina kosa lolote. Kosa letu lilikuwa kuiweka mwanzo, bila kumwambia mgeni pa kuweka mguu.

Mwanzo ni jambo zito. Mwili uliotoka kitandani ni kama jiko la mkaa, huanzi kwa kupuliza kwa nguvu, utazima cheche. Dakika 10 za kwanza ziwe za kutembea tu, na muziki useme hivyo. Kwa hili naomba tuwarudie wazee wetu wa muziki wa dansi, maana wao walishatupangia. Sikiliza nyimbo za bendi kama Msondo Ngoma, iliyozaliwa 1964 kwa jina la NUTA Jazz, au Mlimani Park ya 1978 ambayo wapenzi wake wanaiita Sikinde. Wimbo unaanza kwa utulivu. Mwimbaji anasimulia kisa chake, gitaa la besi linatembea chini kwa chini, tarumbeta zinaingia kwa adabu. Baada ya dakika kadhaa, watu wakiwa wameshaelewa na miili imeshapata joto, ndipo linakuja chemko. Magitaa yanachachamaa, ngoma zinasogea mbele, aliyekaa anasimama. Wanamuziki wale walijua kwamba mtu anapaswa kupelekwa kwenye chemko kwa mkono, asisukumwe.

Jengeni saa yenu ya mazoezi kama walivyojenga wimbo. Dakika 10 za kisa: kutembea, kusalimiana, kujua nani amekuja. Dakika 25 au 30 za mwendo wa kati, nyimbo zikipanda kidogokidogo, pasipo kuruka kutoka 100 hadi 160 kwa mpigo mmoja. Dakika 10 za chemko, na hapa wekeni singeli, wekeni sebene la Kongo, wekeni chochote kinachowachoma miguu vijana. Wakati huo wenye kasi wazunguke uwanja au waende hadi kituo kinachofuata na kurudi, ili msafara usikatike na wa nyuma waendelee kutembea bila kuona wameachwa. Dakika 10 za mwisho ziwe za kupoza: taarabu ya taratibu, bongofleva ya mapenzi, kinanda kisichodai kitu. Nyimbo kumi na tano hadi ishirini zinatosha. Na katikati yake acheni dakika mbili tatu za kimya, watu wasikie pumzi zao na kiongozi aulize kama kuna anayeumwa.

Kuna mambo mengine matatu ambayo namba hazitatuambia.

Kwanza, maneno. Katika msafara wetu wapo watoto walioshikwa mikono na bibi zao, na njiani tunapita milango ya watu. Wimbo wenye matusi unaweza kuwa na mdundo mzuri sana, na bado si wa kupiga saa kumi na mbili asubuhi mbele ya nyumba ya mtu. Tuna nyimbo za kutosha. Tuwe waangalifu pia na nyimbo za ibada. Mapambio na kaswida vina mwendo mzuri na vinampa mtu nguvu, lakini kundi la mtaa ni la Waislamu na Wakristo na wengine. Ama tuzipange zote kwa makubaliano, ama tuziache kwa safari za kanisani na madrasani, ili asiwepo anayetembea huku amejiona mgeni.

Pili, masikio. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa na mtu mzima kwa saa 40 kwa wiki bila hatari, lakini ikifika desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4 tu. Masikio yakishaharibiwa na kelele hayarudi yalivyokuwa. Wanaotembea pembeni ya bajaji yenye spika ndio wanaoumia zaidi, na mara nyingi ni vijana wetu wa bendera. Punguzeni sauti mpaka watu wawili waliosimama karibu na spika waweze kuongea bila kupiga kelele.

Tatu, jirani. Ukipita kwenye turubai la msiba, zima muziki mapema, kabla hamjalifikia. Tembeeni, vueni kofia, toeni pole. Ukipita hospitali, zima. Ukikuta watu wako kwenye swala ya alfajiri, zima. Sehemu hizo msafara uendeshwe na sauti ya chini ya miguu, na baada ya hapo mwimbishaji aanzishe chenja kwa kinywa chake. Mtaa unaoheshimiwa hivyo hauwezi kulalamika kwamba jogingi inawasumbua, na wengi wao watatoka kuungana nanyi.

Nawageukia sasa ninyi mnaotembea peke yenu, iwe Mwanza kando ya ziwa, Mombasa pale Mama Ngina, Zanzibar pale Forodhani, au ughaibuni kwenye baridi ambako wimbo wa Kiswahili masikioni ndio nyumbani. Nanyi mna mtu wa nyuma. Ni mwili wako wa siku ulizochoka, siku ulizolala vibaya, siku ulizotoka kuugua. Usimpangie nyimbo za siku yako bora. Uwe na orodha mbili, ya siku ya nguvu na ya siku ya uchovu, na usione haya kuchagua ya pili. Barabarani acha sikio moja wazi, tembea upande unaoyaona magari yanakuja, na ukivuka njia zima kabisa. Hakuna wimbo unaostahili kukuzuia kusikia honi ya bodaboda.

Viongozi wa klabu, nawaomba muweke mtu mmoja nyuma kabisa ya msafara kila Jumamosi, mwenye filimbi yake, ambaye neno lake kuhusu kasi na muziki ndilo la mwisho. Vijana wenye spika na ujuzi wa kupanga nyimbo, tunawahitaji sana, kipaji chenu ni tunu. Kipimo chake kiwe idadi ya watu waliomaliza pamoja. Walimu, rudisheni mchakamchaka wenye nyimbo mpya, watoto wajifunze kuimbisha wakiwa wanamwangalia mwenzao dhaifu. Wazee, msituachie sisi tu kuchagua. Tutajieni nyimbo mlizochezea, tuzitafute, tuzihesabu mapigo, tutembee nazo.

Ama kuhusu yule mama, niliamua kwenda kumwona. Nilimkuta anachambua mchele barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnaendelea na mbio zenu?"

Nilimwambia sikuja kumwita kwenye mbio. Nilikuja kumuuliza ni wimbo gani unaomfanya atembee. Alinyamaza akiwa na ungo mapajani, akatabasamu, akasema: "Wekeni Sikinde. Ile ya zamani, inayoanza polepole."

Jumamosi ile tulianza na wimbo wake. Nilihesabu hatua za msafara mzima, nikapata 104, vijana wa bendera na yeye. Tulipofika kwenye chemko aliongeza mwendo mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, na kanga yake ilikuwa mbele yangu.

Jumamosi ijayo, ndugu msomaji, kabla hujabonyeza kitufe cha muziki, geuka utazame nyuma. Mwone aliye wa mwisho. Kamuulize wimbo wake, na uanze na huo.